Sura Iliyorukwa

Edson alilamba kidole, akafunua kurasa kadhaa kwa mpigo, kisha akaendelea kusoma kana kwamba hakuruka kitu.

Baba yake, Mzee Osea, alikuwa amekaa barazani na blanketi magotoni, macho yake yenye ukungu yakielekea shamba la kahawa asiloliona tena vizuri. Kitabu alikiomba mwenyewe. Alikuwa Mmoraviani tangu utotoni, na alitaka kujua watu wa nchi lilikoanzia kanisa lake waliishije. Edson, mwalimu wa sekondari, akampatia riwaya ya Kiingereza kuhusu kijiji cha Wacheki wa karne ya kumi na tisa, akawa anamtafsiria kila Jumapili baada ya ibada.

Mzee alinogewa. Alicheka aliposikia kwamba maskini wa kule walikaanga mizizi, wakaisaga, wakaiita kahawa.

"Masikini ya Mungu," alisema. "Wangekuja kwetu Mbozi."

Kilichomgusa zaidi ni chumba cha wazee. Mkulima wa kule akichoka, alimkabidhi mwanawe shamba angali hai, akahamia chumba kidogo cha nyuma, akawa analetewa mkate, maziwa na kuni mpaka afe.

"Utaratibu mzuri huo," Mzee Osea alisema. "Ugomvi wa urithi unaisha mapema."

Hapo ndipo shetani alipompitia Edson. Mnunuzi kutoka Tunduma alikwishakuja kuliangalia shamba kimyakimya, na Edson alikuwa ameshachagua fremu ya duka karibu na mpaka. Katika ile sura aliyoiruka, wazazi walianza kuletewa maziwa yaliyotiwa maji, kisha mwana akauza shamba, nao wakaishia kulala zizini.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Kila baba alipomshukuru kwa kumsomea, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Na nani angemuumbua? Mkewe Recho, mwalimu kama yeye, alikuwa mtu wa Ikinga, amelelewa kwa desturi ya kumstahi baba mkwe kwa kumkwepa. Hakuketi naye baraza moja, wala hakumtazama usoni. Uji wa mzee aliuacha mlangoni, na akiwa na la kusema alilisema kutoka jikoni, nyuma ya ukuta.

Jumapili moja mzee akauliza, "Yule baba wa kitabuni, maziwa aliyoletewa hayakuwa na maji?"

Edson akashtuka. "Hawajaandika, baba."

"Na hakuna mahali uliporuka?"

Edson alikaribia kusema ukweli. Huko jikoni, masufuria yaliyokuwa yakigongana yalinyamaza.

"Hakuna, baba," alisema, akajichukia.

Wiki iliyofuata mzee aliita ndugu na wazee wa kanisa. Akasimama mbele yao ameshika mkasi wa kupogolea mibuni, ule aliorithi kwa baba yake.

"Shamba nalikabidhi leo," alisema. "Atakayeupokea mkasi huu ndiye mwenye shamba, na nyie wote ni mashahidi."

Edson alisogea, akainamisha kichwa, akanyoosha mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga, na ndugu wakadhani ni ya furaha. Moyoni alijiapiza kwamba jioni hiyohiyo angempigia yule mnunuzi simu na kumwambia shamba haliuzwi. Baba yake angezeeka hapahapa, na maziwa yake yasingetiwa maji.

Mzee Osea alimpita. Akapapasa ukuta hadi mlango wa jikoni, akageuzia uso pembeni kama heshima inavyotaka, akaupitisha mkasi ndani.

"Mkwe wangu, pokea," alisema. "Kisha na hawa uwasomee ile sura, kama ulivyonisomea mimi ukiwa nyuma ya ukuta."