Sikio la Mahakama

Inamahoro alipokata rufaa asirudishwe Burundi, mahakama ilitundika sikio ukutani, jikoni kwa wakwe zake, lipime kama ni mke kweli wa nyumba hiyo au mgeni tu. Kwa hofu, mama mkwe wake, Bi Saumu, akawa mpole kupindukia.

"Karibu chai, mwanangu. Asante sana, mwanangu."

Jioni sikio likatamka: "Anatendewa kama mgeni. Kesho ataondolewa."

Bi Saumu akaruka. "Aondoke ilhali masufuria hajayasugua?" Akamgeukia Inamahoro. "Wali umeuunguza tena, mvivu we!"

"Aliyekoleza moto ni nani, mama? Si wewe?"

Sikio likatamka tena: "Huyu ni wa nyumbani. Rufaa imekubaliwa. Tutaendelea kusikiliza."

Asubuhi Inamahoro alimletea chai ya tangawizi, tamu kama aipendavyo. Bi Saumu alifungua mdomo kushukuru, akatazama ukutani, akasonya.