Bangili ya Ngollo

Sheria iliruhusu mzazi wa mwanariadha kumhamishia mwanawe ujasiri kwa bangili, na Masanja alikuwa amempa binti yake Ngollo karibu wote. Ngollo sasa aliruka viunzi bila kutazama chini. Masanja, aliyewahi kumfokea refa mbele ya uwanja mzima, aliomba ruhusa ya kuongeza chumvi kwenye mboga.

"Ongeza, mwanamume wewe! Chumvi haing'ati," alisema mkewe Kabula, akimtazama kama tambara la deki.

Ngollo alicheka. "Kesho baba asije uwanjani. Anatetemeka, wenzangu wananicheka."

"Sawa, mwanangu," Masanja alinong'ona.

Kabula alisonya. Huyu ndiye aliyemfundisha mtoto kuanguka na kuinuka bila kulia! Siku hizi hakuna aliyemfundisha Ngollo kitu. Alijazwa tu, kama tairi.

Bangili mkononi mwa Ngollo ikawaka nyekundu: ujasiri ulikuwa unakwisha. Ngollo akamtazama baba yake, akaona hana tena cha kutoa. Fainali ilikuwa asubuhi.

"Mama," alisema, "lete wako."

"Thubutu!"

Ngollo akamshika mkono, akaubana kwenye bangili. Kabula alimgeukia mumewe amkataze mtoto. Masanja alikuwa akiuliza kama anaruhusiwa kunywa maji.