Ngumi Kwenye Skrini

Huyu alikuwa mama wa ishirini na moja tangu asubuhi, na mpimaji wa ultrasaundi alikuwa hoi, kiuno kinamkata.

"Dada, mbona leo husemi?" mama aliuliza, amelala chali, tumbo limepakwa jeli. "Wifi yangu aliniambia kila mama unamwambia mtoto wake anampungia mkono."

Ni kweli, aliwaambia wote. Ulikuwa mzaha wake wa kuwatoa woga.

Kwa mara ya nne alirudisha kichwa cha mashine palepale. Ngumi ilikuwa vilevile: kidole cha shahada kimelala juu ya cha kati, cha mwisho juu ya cha pete. Alilisukuma tumbo taratibu, akasubiri. Watoto wengine hufungua vidole. Huyu hakufungua. Ngumi kama hiyo alishaiona mara mbili kazini, na kati ya watoto hao hakuna aliyefikisha mwezi tangu kuzaliwa.

Kanuni ilisema daktari ndiye wa kueleza.

"Kalala, eh? Mvivu kama babake," mama akacheka. "Basi ngoja nianze mimi."

Akainua mkono, akaipungia skrini.

Mpimaji akaudaka mkono ule hewani, na hakuuachia.