Hatuuzi Mbingu

Tovuti ya kuuzia nyumba iliikataa picha tena. Maandishi mekundu yakatokea palepale: faili ni kubwa mno.

"Si nilikuambia?" alisema dada mwenye duka la kompyuta. "Picha yako nzito kama mfuko wa saruji. Hiyo kamera uliitoa wapi?"

"Nimeazima kwa mpiga picha wa harusi."

"Kwa ajili ya nyumba tu? Si ungepiga kwa simu yako yakaisha?"

Fundi rangi akajifuta jasho. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha yule dada tangu asubuhi, shati limemgandia mgongoni, na feni ya duka ilikuwa inajipepea yenyewe.

Simu yake ikalia. Kaka yake mkubwa.

"Bado tu? Mteja anasubiri! Huko aliko hana muda wa kuja kuangalia. Akiipenda kwenye picha, leo hii hii analipa."

"Inakataa kupanda, kaka. Nzito."

"Ipunguzeni basi! Na itoke safi, huyo mtu ana jicho. Anakuza picha mpaka aone misumari. Mama keshafunga vyombo?"

"Nimemwacha anavifunga."

"Vizuri. Chumba chake huku kwangu kiko tayari. Usiniangushe, mdogo wangu."

Dada akaibana picha. Safari hii ikawa nyepesi kama unyoya. Fundi akainama.

"Kuza hapo. Ukuta wa upande wa jiko."

Akakuza. Ukuta ukawa uji.

"Haifai," alisema fundi.

"Haifai nini? Nyumba si hiyo hapo! Mlango, madirisha, paa, unataka nini tena?"

"Ukuta umekuwa kama umepakwa siagi."

"Ukuta ni ukuta, jamani." Kisha akacheka. "Aa, nimekupata. Rangi umepaka wewe. Unataka kazi ya mkono wako ionekane."

"Rangi nilipaka mimi," alisema fundi.

Wakajaribu tena, na tena. Wakiongeza ubora, tovuti inakataa. Wakipunguza, ukuta unageuka ukungu. Nyuma yao watu walianza kuguna. Bwana mmoja aliyekuja kutoa kopi akauliza kama nyumba yenyewe ni ikulu. Fundi akaipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe cha kalamu kikaanguka.

"We! Meza yangu imekukosea nini?"

"Samahani, dada." Akaziokota kalamu moja moja, huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. "Hebu niambie. Kinachokula nafasi humo ni nini?"

"Kila kitu. Mbingu, barabara, maua..."

"Kata mbingu. Hatuuzi mbingu."

Akakata.

"Barabara nayo."

Akakata.

"Na maua."

"Maua? Fundi, maua ndiyo yanayovutia watu!"

"Kata."

Dada akakata huku akisonya. Kilichobaki akakipunguza upana kidogo tu, ubora akauacha juu, akaipandisha. Maandishi mekundu hayakutokea. Kilichobaki ni kubonyeza ionekane kwa watu.

"Haya, njoo umwangalie mpenzi wako," alisema, akaukuza ukuta wa upande wa jiko. Mkono wake ukasimama juu ya kipanya.

"Fundi. Huu si ufa?"

"Ni ufa."

"Umetoka dirishani hadi kwenye paa! Ngumi inaingia humu! Na wewe umenihangaisha siku nzima hukusema? Ngoja, naufuta sasa hivi. Hata huyo mteja hatajua ulikuwepo."

"Ukiugusa sikulipi."

Dada akageuka kumtazama. Fundi hakuwa anatania.

"Unaonekana vizuri?" aliuliza.

"Mimi ujenzi sijui, lakini nauona."

"Basi weka."

Akabonyeza. Fundi akalipa, akatoka hadi kibarazani, akapiga simu. Mama yake akapokea kwa sauti ya mtu aliyetoka kulia.

"Mama," alisema fundi, "rudisha vyombo kabatini. Ule ufa nitauziba, ila si leo."