Boza la Maji

Siku hizi ujumbe wa simu hupokezanwa na magari barabarani, gari hadi gari, mpaka umfikie mwenyewe. Huku kwetu, lami inakoishia, haliji gari ila boza la maji. Likifika tunatoka na ndoo na simu.

Jana simu ya jirani yangu, Bi Mwanahawa, ililia mara mbili. Kwanza mkwewe: “Mama, Zamda ametutoka, yeye na mtoto.” Halafu bintiye Zamda mwenyewe, ujumbe uliotangulia kutumwa ukazungushwa na magari mjini: “Mama, uchungu umeanza. Njoo.”

Bi Mwanahawa aliandika kitu, kisha akaligonga boza kwa kiganja. “Ondoka, baba, upesi! Nimemjibu Zamda nakuja.”

Dereva akawasha gari. Ndoo zetu zilikuwa bado tupu, na hakuna aliyemzuia.