Fungu la Kaka Mbaruku

Baada ya arobaini ya mama, kadhi aligawa nyumba, minazi, na mwisho kumbukumbu zake. Sheria hairuhusu mtu kurithi kumbukumbu zinazomhusu mwenyewe, kwa hiyo mimi nikapewa za kaka yangu Mbaruku, aliyelelewa Pangani kwa shangazi, naye akapewa zangu. Tukavalishwa kofia za nyaya, kumbukumbu zikamiminwa vichwani mwetu, kisha tukarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu siku hiyo sijielewi. Kaka ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini akija kula najikuta namtolea miiba ya samaki. Akikohoa, moyo unanipasuka. Miaka yote nilimwonea wivu kwa jinsi mama alivyomlilia, na sasa mapenzi yale yale yamo kifuani mwangu, sijui niyaweke wapi.

Naye kaka simwelewi. Hanitazami usoni. Nikienda uani ananifuata, na jana nilikuta amekifunga kwa kufuli kisima ninamochota maji tangu utoto.

“Kaka,” nikamuuliza, “mama aliona nini pale kisimani?”

Alinimiminia chai, akaipuliza, akaionja kwanza nisije nikaungua, kama mama alivyozoea.

“Ulikuwa mdogo mno, mwanangu,” akasema. “Ulidhani unamwogesha mdogo wako. Sikukulaumu hata siku moja.”

Kikombe kikanibaki mkononi. Mimi ndiye kitinda mimba wa mama. Ndivyo nilivyolelewa kujua, na ndivyo mtaa mzima unavyoniita mpaka leo.