Cheti Walichotaka Benki

Kadi ilifungwa saa tatu asubuhi, wakati mpiga pasi akisubiri tiketi ya kwenda kumzika kaka yake itoke. Wakala wa tiketi aliijaribu mara tatu, akaipangusa kwenye shati, akaijaribu tena, kisha akamrudishia kwa upole. Kiti angemshikia hadi saa sita. Baada ya hapo kulikuwa na watu wengine.

Sasa ilikuwa saa tano kasoro, naye ameketi mbele ya mhudumu wa benki, aproni ya kazini mapajani, akijitahidi asilie.

"Haijaharibika," mhudumu alisema. "Tumeifunga sisi. Mgeni akinunua tiketi ya kwao kwa kadi ya mkopo, mfumo unaifunga wenyewe. Wengi wakishapanda ndege ndiyo kwaheri, deni wanatuachia sisi."

"Mimi narudi, dada. Nina kazi hapa. Miaka sita napiga pasi mashuka ya hoteli moja."

"Wote husema hivyo." Lakini hakuwa na roho mbaya. Alivuta kibodi karibu. "Haya, tuanze. Jina kamili."

Aliyataja majina yote matatu bila kujikwaa. Tarehe ya kuzaliwa, vivyo hivyo. Jina la mama. Shule ya kwanza. Mhudumu alilinganisha kila jibu na kilichokuwa kwenye skrini, kisha akaifungua pasipoti, akaitazama picha, akamtazama yeye.

"Arobaini na saba? Wewe? Unakula nini, nikakitafute na mimi?"

"Mvuke wa pasi," alijibu. "Unanyoosha kila kitu."

Mhudumu alicheka, na mpiga pasi naye akacheka kidogo, halafu akajisikia vibaya. Mtu amefiwa na kaka yake, yuko benki anafanya mzaha.

Na kaka mwenyewe si wa kufanyiwa mzaha. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akabeba matofali ili mdogo wake apate viatu vya kwendea darasani. Hata kazi hii ya ugenini ilikuwa nafasi yake. Kibali kilishatoka, begi limeshafungwa, ndipo mimba ya mkewe ikawa ya shida na daktari akasema mama yule asiachwe peke yake. Kaka alimwita mdogo wake uani akamwambia, nenda wewe. Alisema kwa wepesi, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye kiti. Tangu siku ile hawakuonana tena ana kwa ana, kila mwaka wakiambiana mwakani. Ndiyo maana ilikuwa lazima afike. Alitaka kumshusha kaburini kwa mikono yake mwenyewe, basi, halafu dunia ifanye itakavyo.

"Kuna njia moja ya haraka," mhudumu alisema. "Kukiwa na msiba, meneja anaweza kuifungua kadi leo hii. Anachotaka ni cheti cha kifo tu. Aone kweli kuna marehemu, na jina la baba yake lioane na la kwako."

"Litaoana."

"Basi kiagize."

Alimpigia mke wa kaka. Nyuma ya sauti yake vilisikika vilio, na watu wakiburuta viti.

"Shemeji, nitumie picha ya cheti cha kifo. Haraka."

"Cheti?" Shemeji alishusha sauti. "Unakitaka cha nini?"

"Benki wanakitaka, ndiyo waifungue kadi nije."

"Benki ya huko huko?"

"Shemeji, saa sita wanauza kiti changu. Na nyinyi mnazika kesho. Nitumie tu, nakuomba."

"Lakini wewe umefikiri vizuri?"

Hakuwa na nafasi ya kufikiri. Tangu habari imfikie juzi hakuwa amepata usingizi wa maana, na kichwani mwake kulibaki jambo moja tu, kufika. "Nitumie," alisema, akakata simu.

Dakika zikaanza kukimbia. Mhudumu alimletea maji. Akaandaa fomu, akabana nakala ya pasipoti nyuma yake, akaenda kumwomba meneja asitoke kwenda kula kwanza. Dada huyu, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa adui, sasa alikuwa amegeuka ndugu, na mpiga pasi alimwombea heri kimoyomoyo. Saa sita kasoro dakika ishirini meneja mwenyewe alikuja akasimama pale mezani, kalamu mkononi.

Simu ikalia.

"Ndicho hicho?" mhudumu aliuliza, akinyoosha mkono akipokee.

Mpiga pasi aliifungua picha. Muhuri wa hospitali ulikuwepo. Sahihi ya daktari ilikuwepo. Majina ya marehemu, yote matatu, yalikuwa yale yale aliyoyataja yeye pale mezani saa moja iliyopita, na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ile ile.

Aliizima simu, akaifunika kwa aproni.

"Samahani, dada," alisema. "Kumbe walikosea huko nyumbani. Hakuna aliyekufa."